Nilikuwa naomba mtandao wa mpakani uanguke ndio nipate kazi

Wakuu, salamu kutoka huku magharibi, mahali ambapo Uganda ni karibu kuliko Nairobi.

Mimi si mtu wa kuanzisha uzi. Husoma zenu na kupita kimya. Lakini juzi mwenzetu mmoja aliweka mada ya sababu na aina za ukosefu wa ajira, watu wakachangia sana. Wengine walisema ni uvivu, wengine serikali, wengine wageni, na mmoja akasema ni laana ya ukoo. Nilisoma yote mpaka simu ikazima.

Nikaona hizo aina zote nimezipitia moja baada ya nyingine. Sikujua tu kwamba zina majina.

Niliishia form two, kwa hivyo nikikosea neno la kiuchumi nirekebisheni polepole. Huwa nina exercise book za kuandika mambo ya siku, tangu nikiwa kijana, na haya nimeyatoa humo. Mahali kitabu kinasema hivi na kichwa changu kinasema vile, nimefuata kitabu. Jina tuseme ni Wandera. Akina Wandera tuko wengi, hamtanipata.

Twende.

Nilikuwa runner pale Malaba kwa miaka kumi na tisa. Kwa wasiojua, runner ni mtu wa kukimbiza makaratasi. Lori linatoka Mombasa na mzigo wa Kampala. Dereva akifika mpakani anampa faili mtu wa ofisi ya clearing, ya kupitisha mizigo forodhani, na huyo mtu wa ofisi ananipa mimi. Napanga laini upande wa Kenya, dirisha hili, dirisha lile, stamp, sahihi. Halafu navuka daraja kwa miguu, napanga laini tena upande wa Uganda. Kisha narudi kumtafuta dereva wangu katikati ya malori yaliyosimama mpaka karibu Amagoro.

Ilikuwa kazi ya miguu, lakini ilikuwa na akili yake. Nilijua afisa gani hataki kusalimiwa kabla ya chai. Nilijua dirisha gani hutembea haraka siku ya Ijumaa. Ng'ambo nilikuwa naanza na "ssebo" na "nnyabo", yaani bwana na bibi, kabla ya kutoa faili, maana pale ukiruka salamu umejichelewesha mwenyewe. Madereva walikuwa wananiita kutoka mbali, "Wandera! Wandera!", na mimi nainua mkono bila kugeuka, kama mtu mkubwa.

Lori lilikuwa linalala mpakani siku mbili, siku tatu, wakati mwingine wiki. Na kwa sababu linalala, sisi tulikuwa tunakula. Runner, mama wa chapati, mwenye lodging, fundi wa tairi, wote tulikuwa tunaishi kwenye huo ucheleweshaji.

Sikuwahi kuliona hivyo wakati huo. Niliona tu niko na kazi.

Basi wakaleta utaratibu wa kuweka ofisi za nchi mbili pamoja, na makaratasi yakaingia kwenye kompyuta. Mzigo ukitoka Mombasa, taarifa zake zinafika mpakani kabla ya lori lenyewe. Siku tatu zikawa masaa.

Hapa nataka kuwa mkweli, maana naona kwenye nyuzi watu wanalaumu mashine. Ile kitu ilikuwa nzuri. Dereva analala kwake. Nyanya haziozi barabarani. Bei ya vitu Kampala labda ilishuka, sijui, sijafanya utafiti. Ningekuwa mimi ndiye serikali, pengine ningefanya vilevile.

Na boss wangu, tumwite Okumu, hakunifukuza kama mbwa. Alituita sisi wawili tuliobaki akasema, "Vijana, makaratasi yanaisha. Anayetaka kujifunza hii kompyuta aje asubuhi, nitalipa huyo mwalimu." Alitaka kutusaidia.

Nilienda siku tatu. Mwalimu alikuwa binti wa miaka kama ya mtoto wangu, mpole kabisa. Siku ya tatu aliniambia, "Mzee, usiiangalie keyboard kama itakuuma." Mwenzangu akacheka, na binti naye akacheka bila ubaya. Siku ya nne sikurudi. Nilimwambia boss nina homa.

Sikuwa na homa.

Kwa hivyo mtu akisema muundo wa uchumi ulibadilika ukamwacha Wandera nje, ni kweli, lakini si kweli yote. Mlango uliwekwa wazi siku tatu. Nimejiuliza mara nyingi kama ningevumilia mwezi mmoja ningekuwa wapi. Labda ningeweza. Labda vidole vyangu vingekataa tu. Hilo sitajua.

Mke wangu, Mama Ajiambo, alikuwa nyumbani Namboboto, kwenye shamba letu la muhogo na mtama. Mimi nilikuwa nimepanga chumba Malaba, naenda nyumbani mwisho wa mwezi. Sikumwambia kwamba kazi imeisha. Nilisema nitamwambia nikipata nyingine.

Hiyo ndiyo mnaita ya mpito, sindio? Mtu ametoka kazi hii anatafuta ile. Mimi nilikaa kwenye mpito mpaka ukawa makao.

Nilijaribu vitu. Shemeji yangu yuko Sio Port, anakausha omena, wale samaki wadogo wa ziwani. Nilienda kumsaidia kugeuza omena kwenye nyavu juani. Kazi nzuri, inanuka lakini nzuri. Halafu mwezi ukawa mkubwa mbinguni, omena hawavutwi na taa wakati huo, mitumbwi ikapumzika, na sisi wa kukausha tukapumzika pia. Shemeji akaniambia, "Rudi giza likirudi." Hiyo ni ya msimu. Nikarudi Malaba, na nikaona aibu kurudi kule kwa shemeji mara ya pili. Hakuna aliyenikataza. Ni mimi.

Kulikuwa na benchi nje ya kibanda cha Mama Amoit, mama wa Kiteso anayeuza chai na chapati karibu na barabara. Runners wa zamani tulikuwa tunakaa pale. Tulianza kama kumi. Mmoja akaenda kuendesha boda, mwingine mjengo Nairobi, mwingine akarudi kulima kwao. Tukabaki watano, halafu wanne.

Nilikuwa naamka saa kumi na mbili, naoga, navaa shati la kola, naweka kalamu mfukoni, natembea mpaka benchi. Saa kumi na moja jioni narudi chumbani. Jirani yangu wa plot alikuwa ananiuliza, "Kazi iko aje, mzee?" na mimi nasema, "Tunasukuma." Siku nzima nilikuwa nimesukuma kikombe tu.

Kuna upweke wa kukaa peke yako, na kuna ule wa kukaa na wanaume watatu ambao wote wanajua kile huwezi kusema. Wa pili ni mzito zaidi. Naomba mnikosoe kama nakosea.

Sasa sikilizeni mahali penye kosa langu.

Mara mojamoja ule mtandao ulikuwa unaanguka. Wao wanasema "system iko down." Hapo lori haliwezi kuruhusiwa, foleni inarudi, na ofisi za clearing zinakumbuka tena kuna watu wenye miguu. Boss Okumu alikuwa ananipigia, "Wandera, imelala. Kuja." Natembea foleni nzima kuwatafuta madereva wake, napeleka nakala, nawanunulia chakula wasioweza kuacha lori, nawaambia laini imefika wapi. Siku moja, siku mbili, kisha system inaamka na mimi narudi kwa benchi.

Pole pole nikaanza kuingojea.

Kwenye exercise book, kurasa nyingi za miaka hiyo zina maneno mawili tu: "Mtandao upo." Chini yake: "Mtandao upo." Halafu ukurasa mmoja umejaa mwandiko mpaka pembeni, maana siku hiyo ulianguka.

Benchi lilikuwa linafanyia hiyo kitu mzaha. Juma, mcheshi wetu, radi ikipiga alikuwa anainua mikono, "Baba, shusha hapo kwa mlingoti wa mtandao! Kidogo tu! Usiue mtu!" Tunacheka, mpaka Mama Amoit anamwambia, "Juma, siku Mungu atakosa mlingoti apige wewe."

Mimi sikuwa nafanya mzaha. Nilikuwa naomba kanisani, nimepiga magoti, nimefunga macho. Sikuwa natumia maneno wazi. Nilikuwa nasema, "Bwana, unajua haja yangu."

Siku moja akaja binti amevaa reflector na tablet mkononi, mmoja wa wale wanaozunguka kuuliza watu habari za kazi. Tulikuwa wanne kwa benchi, saa nne asubuhi, hakuna hata mmoja anayefanya kitu.

Akaanza na mimi. "Mzee, katika siku saba zilizopita, umefanya kazi yoyote ya malipo, hata kama ni ya saa moja?"

Nilitaka kusema hapana. Lakini Jumanne dereva mmoja alikuwa ameniachia lori lake nilichunge akienda kwa daktari wa meno, na akanipa kitu kidogo. Nikasema, "Kama saa moja na nusu hivi."

Akabonyeza. "Basi wewe uko na kazi."

Wacha benchi lipasuke! Juma alisimama akanipa mkono. "Hongera boss! Wandera ameajiriwa! Mama Amoit, chai ya wote, huyu atalipa!"

Binti akamuuliza Juma. Juma naye alikuwa amesaidia kuchimba kaburi kwa malipo. Naye yuko na kazi. Wa tatu alikuwa anamsaidia mke wake kuuza mkaa. Yuko na kazi.

Akabaki Mzee Okisai, mkubwa wetu. Yeye hakuwa amefanya kitu. Binti akauliza, "Na umetafuta kazi ndani ya wiki nne zilizopita?"

Okisai akasema, "Binti yangu, nilitafuta nikachoka. Siku hizi sitafuti."

Binti akabonyeza. Nikamuuliza huyo ameandikwa nini. Akasema, kwa heshima, kwamba mtu asiye na kazi na asiyetafuta hahesabiwi kati ya wasio na ajira. Yuko nje ya hesabu.

Kwa hivyo, wakuu, kwenye benchi la watu wanne waliokaa bure tangu asubuhi, hakukuwa na hata mmoja asiye na ajira.

Sisemi yule binti alikosea. Alikuwa na maswali yake na aliyauliza vizuri, na nadhani dunia nzima wanauliza hivyo. Ila Mzee Okisai hakucheka na sisi. Aliangalia chai yake muda mrefu. Wiki iliyofuata hakuja benchi, na nyingine pia, na sikwenda kumtafuta. Hiyo iko kwa dhamiri yangu.

Sasa ndipo mke wangu akapiga simu, Jumamosi moja.

Alisema kikundi cha wakulima wamefungua mashine ya muhogo kule Funyula, ya kukata, kukausha na kusaga. Wanataka mtu wa stoo. Akaniambia hivi: "Wanataka mtu anayejua kuandika vizuri, na asiyeogopa kumwambia hapana mtu wa kwao. Nimekutaja. Chairlady amesema uje Jumatatu saa nne wakuone."

Nilikaa kitandani na hiyo simu mkononi. Kazi ya kuandika, karibu na nyumbani, na nimeitwa. Nikajicheka kwa furaha.

Jumapili nilifua shati. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa stage na begi langu, nangoja gari la Busia.

Simu ikalia. Boss Okumu.

"Wandera, system imelala tangu jana usiku. Malori yamejaa mpaka huko nyuma Amagoro. Niko na kumi na mawili yangu humo. Unakuja?" Halafu, na hili naliandika kwa sababu ni haki yake, akauliza, "Ama uko na shughuli leo?"

Nikasema, "Sina."

Nimeandika hilo neno kwenye kitabu peke yake kwenye mstari. Hakuna aliyenishikia bunduki. Kulikuwa na gari la kwenda nyumbani, makanga anaita "Busia, Busia, wawili tu!", na mimi nikasema sina shughuli.

Nilimpigia mke wangu. Nikamwambia nimeitwa kazini kwa dharura, awaombe kikundi wanione Jumanne. Akasema, "Sawa, baba Ajiambo." Hakugomba. Ningependa angegomba.

Jumanne system ilikuwa bado imelala. Jumatano pia.

Nitawaambia ukweli hata kama mtanichukulia vibaya. Zile siku nilikuwa na furaha. Nilitembea foleni kutoka mwanzo hadi mwisho mara sita, mara saba kwa siku. Madereva wa zamani walinikumbuka. "Wandera! Kumbe uko!" Nilijua nani yuko wapi, nani ana mzigo wa kuharibika, nani dawa yake imeisha. Juma alikuwa upande wa pili anapiga kelele, "Ufalme umerudi!" Sikuwa nasikia miguu. Hata shati kuchafuka niliona ni heshima.

Kati ya hao madereva kumi na wawili kulikuwa na mmoja tunamuita Ssalongo, kwa sababu ni baba wa mapacha, na kwa Waganda huyo huitwa hivyo. Tulijuana miaka mingi. Lori lake lilikuwa limekwama katikati, mbele hawezi, nyuma hawezi, na alikuwa amebeba mzigo ambao tajiri wake alimkataza kabisa kuuacha.

Jumanne asubuhi aliniambia mama yake amefariki. Nyumbani kwao ni Tororo.

Wakuu, wanaojua huku wanajua Tororo iko wapi. Ukisimama Malaba unaona ule mwamba wa Tororo kwa macho yako. Ni mwendo mfupi tu wa gari.

Nilimwambia, "Ssalongo, nenda. Mimi nitakaa na lori."

Akatikisa kichwa. "Wandera, likipotea hata boksi moja, ni mimi na jela. Na wewe pia. Wacha. Hii system itarudi leo."

Nilimwomba boss Okumu amsemee Ssalongo kwa tajiri. Boss alipiga simu mbele yangu, tajiri akakataa. Tajiri naye nitamwelewa kidogo, maana aliwahi kuibiwa mzigo mzima kwenye foleni kama hiyo.

Jumatano saa nane mchana nilimpelekea chakula. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya lori, simu iko sikioni, haongei. Kwenye simu nilisikia watu wanaimba kwa mbali. Walikuwa wanamzika mama, na ndugu yake alikuwa ameshika simu juu ili asikie.

Nilisimama na sahani. Wimbo uliisha, akasikiza tena kidogo, kisha akazima.

Akaniambia, "Ebigambo bya Katonda. Ni mambo ya Mungu, Wandera. Nani angejua hii kitu italala siku tatu?"

Niliweka sahani kwenye bonneti. Chakula kilikuwa wali na maharagwe. Alikula chote, pole pole, na mimi nikasimama pale mpaka akamaliza, kwa sababu sikujua mahali pengine pa kusimama.

Sidhani Mungu huangusha kompyuta za nchi mbili kwa sababu ya runner mmoja wa Malaba. Sina kiburi hicho. Lakini nilikuwa nimeomba, na aliyekuwa anabeba hayo maombi yangu kila mara alikuwa mtu kama huyu. Wa dawa kuisha. Wa mzigo kuoza. Miaka yote hiyo nilikuwa nawaona usoni na sikuwa nimeunganisha.

Jumatano hiyo sikuandika kitu kwenye kitabu. Tarehe iko, chini ni peupe.

Alhamisi mchana system iliamka. Malori yalianza kuunguruma moja moja. Ssalongo alipita akapiga honi, nikainua mkono. Kufikia jioni barabara ilikuwa tupu, imebaki maganda ya ndizi na chupa za maji. Boss alinilipa haki yangu, hakupunguza kitu, akasema, "Tutaonana ikilala tena."

Nikamwambia, "Usinipigie tena, boss. Tafadhali."

Aliniangalia kama nimerukwa na akili. Labda nilikuwa nimerukwa. Ijumaa nilitoa vitu vyangu kwenye chumba, na havikujaza hata magunia mawili.

Nilifika Namboboto mchana. Mlango ulikuwa umefungwa na kufuli. Mbwa wetu alinibwekea, na watoto wa jirani wakamwita mama yao, "Kuna mgeni!" Yule mama akatoka akaona ni mimi. "Aa, baba Ajiambo. Mama Ajiambo yuko kazini."

"Kazi gani?"

Akashika mdomo. "Kumbe hakukuambia?"

Nilikaa kwenye kizingiti cha nyumba yangu mpaka saa kumi na mbili jioni. Mke wangu akaja kutoka Funyula, unga mweupe kwenye nyusi, kalamu imechomekwa kwenye nywele zake. Akanisalimia vizuri, akafungua mlango, akaweka chai.

Aliniambia bila hasira. Jumatatu alikwenda kuniombea msamaha. Jumanne akaenda tena. Jumanne chairlady akamuuliza, "Mama, wewe mwenyewe si unaandika?" Wakampa kitabu, akaandika gunia zilizoingia asubuhi hiyo. Kisha shangazi yake mwenyewe akaleta muhogo mbichi umechanganywa na uliooza, na mke wangu akamrudishia nusu mbele ya watu. Wakamwajiri hapo hapo.

"Nilitaka iwe yako," akasema. "Ningekungoja hata Jumatano. Wao ndio hawakuweza."

Nikaamua kusema. Nikasema, "Mama Ajiambo, hii kazi ya Malaba..."

"Iliisha zamani," akasema. "Najua."

"Ulijua lini?"

"Zamani nikikupigia simu mchana nilikuwa nasikia honi na watu wanakuita, tunaongea kwa kupiga kelele. Halafu nikaanza kusikia kuku. Kuku na kijiko kwenye kikombe." Akacheka kidogo. "Kwanza nilidhani ni mwanamke. Nikafikiri, hapana, nyumba ya mwanamke haikosi redio."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilikungoja useme."

Nikanywa. Chai ilikuwa nzuri. Nilitaka kulia lakini sikulia, nasema tu nilitaka.

Hiyo ni miezi kadhaa iliyopita. Yeye huondoka saa moja asubuhi. Mimi hubaki na shamba. Watu wa hapa ni wazuri lakini hawanijui. Zaidi ya miaka kumi na tisa nilikuwa nakuja kama mgeni wa mwisho wa mwezi na mkate mkononi, sasa nipo kila siku na sina mkate. Wanaume wa rika langu wana hadithi zao ambazo sikuwepo. Wakicheka, mimi huchelewa kucheka.

Wiki mbili zilizopita muhogo ulikuwa mwingi, mashine ikataka vibarua wa kumenya. Nilienda nikapanga laini na wengine. Waliokuja ni wanawake karibu wote. Mtu wa kuita majina ni mtu wa stoo.

Aliita kwa mpangilio tuliofika. Nilikuwa nimefika wa kumi na nne na walitaka kumi na watano. Wakati alikuwa anaita wa kumi, kuna mama nyuma yangu alisema kwa sauti, "Sisi wengine twende nyumbani, mume wa stoo yuko laini."

Mke wangu hakuinua macho. Aliita wa kumi na moja, wa kumi na mbili, wa kumi na tatu. Akaita, "Wandera." Vile vile tu, kama jina la mtu yeyote. Akaita yule mama wa nyuma yangu. Akafunga kitabu.

Nilipewa kisu. Saa nzima ya kwanza hakuna aliyeniongelesha. Kisha yule yule mama akaangalia rundo langu akasema, "Baba Ajiambo, hayo maganda ni manene, unamenya au unachonga mwiko?" Wanawake wote wakacheka. Akachukua mkono wangu akanionyesha vile kisu kinapita.

Sijui bado. Najifunza. Safari hii, siku ya nne nilirudi.

Sasa wakuu, funzo langu, na mpunguze kama ni kubwa kuliko mimi. Ukosefu wa ajira una sababu nyingi na zile za vitabuni ni za kweli. Mashine ni kweli, msimu ni kweli, ujuzi kupitwa ni kweli, na uchumi kulegea ni kweli pia, maana Kampala wasiponunua hata malori hupungua. Lakini kuna moja sikuiona kwenye ule uzi: mtu kukataa kuamini kwamba kazi yake imekufa, kwa sababu ni pale tu watu walikuwa wanaita jina lake. Huyo hahitaji kufukuzwa. Anajifungia mwenyewe na kungoja wengine wapate shida.

Sisemi kila mtu yuko hivyo. Juma bado yuko Malaba, na huenda ana sababu zake nzuri. Nimempigia mara mbili. Mzee Okisai sina namba yake.

Mlio na uzoefu njooni mchangie, hata wa kunikosoa. Na kuna swali nataka mnijibu kwa ukweli, wanaume hasa: kazi yako ilipoisha, ni nani nyumbani alijua kabla hujasema, na alikungoja muda gani?